Vilemba Viwili vya Fundi Iliasi

Mheshimiwa Mwakilishi wa Administrata wa Teritware yetu ya Kasongo, Mheshimiwa Burgumesta, Sultani wetu, pamoja na wakubwa wa vijiji mlioandamana naye, Shehe Assumani na maimamu wa misikiti yetu, Baba Padri, mwenye ukumbi huu tulioujaza leo, wachungaji wa makanisa, mafundi wenzangu wa cherehani, wa randa na wa mwiko, wanamuziki wa Mawimbi ya Lualaba, ndugu wageni waalikwa mliotoka Nyangwe, Salamabila na Kabambare, ambao migongo yenu bado inauma kwa pikipiki, na ninyi vijana marasta mliosimama kule mlangoni kwa sababu viti vimekwisha: Salaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristu. Bwana asifiwe. Na amani iwe juu yenu nyote.

Kwa wasionijua, mimi ni Faridah, fundi cherehani wa hapa hapa mjini, Mama Soraya, mke wa huyu bwana aliyekaa kwenye kiti cha heshima na kujifanya hanitazami. Kamati ilitafuta mwanamuziki wa kuzungumza leo. Wanamuziki wakatazamana, kila mmoja akakumbuka ana kazi ya kukaza nyuzi za gitaa lake, mwisho wakasema, Mama Soraya ndiye anamjua. Ni kweli ninamjua. Bwana wa protokoli ameniomba niwe mfupi, na mimi nimemwitikia kwa heshima, kama mnavyoniona.

Mnajua kilichotuleta. Tangu mvua zilizopita kifua cha Fundi Iliasi kimekuwa kikipiga filimbi chenyewe, bila saksafoni. Daktari akamweleza waziwazi kwamba pumzi iliyobaki ni ya kutembea, ya kusali na ya kubishana na mke wake, si ya kupuliza chuma. Hakukubali siku ile, wala juma lile, lakini mwishowe alikubali, na leo saksafoni yake iko pale mezani mbele yenu, juu ya kitambaa cheupe nilichokipiga pasi kwa mkono wangu. Tumekuja kumuaga kazini. Ninashukuru kwamba tunamuaga akiwa amekaa kwenye kiti, anasikia.

Ndugu zangu, ni nani kati yetu hapa ambaye arusi yake, au ya mtoto wake, au ya jirani yake, haikupita mbele ya saksafoni ile? Ni nani asiyemwona Fundi Iliasi, katikati ya ngoma zikipamba moto, anaitazama saa yake ya mkono, anainua kidole kimoja, na bendi yote inashuka polepole na kunyamaza, halafu muda si muda mwadhini anaanza? Hajawahi kukatishwa na adhana hata siku moja. Aliumaliza wimbo kabla. Wakristo mnaoolewa Jumamosi mmezoea pia, mnajua hiyo ndiyo saa ya kunywa maji.

Lakini alianzia wapi? Mtoto wa familia ya Kiislamu ya Kasongo, ukoo wa wauza chumvi na sabuni, aliipata wapi saksafoni?

Aliipata Kabambare. Mjomba wake alimtuma kule na baiskeli, amefunga mzigo wa chumvi nyuma. Amefika karibu na misheni, akasikia fanfari ya kanisa inafanya mazoezi, tarumbeta, ngoma kubwa, na katikati yake sauti moja ambayo hakuwahi kuisikia. Akaiegemeza baiskeli kwenye ukuta wa kanisa, akaingia. Mvua ikaja. Yeye yuko ndani, amefungua mdomo, na chumvi ya mjomba wake iko nje inakwenda na maji mtaroni. Aliporudi Kasongo na magunia matupu alipigwa, na anasema ile fimbo hakuisikia vizuri kwa sababu masikio yalikuwa bado Kabambare.

Mwenye sauti ile aliitwa Raphaël. Alikuwa mwalimu wa shule na mpiga saksafoni wa fanfari. Akamkubali Iliasi awe mwanafunzi wake, na tangu hapo kila mwezi Iliasi alipanda baiskeli kwenda Kabambare, kwenye njia ile mnayoijua, asubuhi analima shamba la mwalimu, mchana anajifunza. Mwalimu Raphaël alifundisha nyimbo za misa na za gwaride. Iliasi naye kichwani alikuwa na rege, aliyoisikia kwenye kaseti za madereva wa malori. Siku moja akajisahau, akaipiga mbele ya mwalimu. Mwalimu akamsimamisha.

"Hii muziki yako iko na mashimo," akasema. "Juu ya nini unaachaka mashimo?"

"Mwalimu, mule njo watu watavutia pumuzi."

Mwalimu Raphaël alifikiri sana. Kisha akamwambia, "Basi acha mashimo, lakini uyapange muzuri."

Wapendwa, hiyo ndiyo elimu yote ya Fundi Iliasi. Wengine wanapuliza ili tujue kwamba wana nguvu. Yeye anapuliza kidogo, ananyamaza, na katika kule kunyamaza kwake mguu wako unaondoka chini wenyewe. Nimeolewa na mtu anayejua kunyamaza kuliko wote Maniema nzima, akiwa na saksafoni mdomoni. Akiitoa, eh, waulizeni majirani.

Na kuolewa kwenyewe kulikuwa na kesi. Alikuja kuniposa akiwa na nywele za kirasta mpaka mabegani. Marehemu baba yangu alikuwa muuza mchele na mawese, mtu wa safu ya mbele msikitini. Alimtazama Iliasi toka juu mpaka chini, akamwambia, "Nyele ao mutoto yangu. Chagula." Watu wakasema posa imekufa. Asubuhi yake Iliasi akarudi na kichwa kinachong'aa. Jamani, kilikuwa kichwa chenye mabonde na vilima, ambavyo zile nywele zilikuwa zinavisitiri kwa huruma. Baba alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Akasema, "Kichwa iko mubaya, lakini moyo iko muzuri. Mumupe bibi." Mimi nyuma ya pazia nilicheka pamoja nao, lakini nililia pia. Nilizipenda nywele zile.

Nikaingia nyumba ya muziki. Kwetu hapa saksafoni ikiharibika hakuna duka la kukimbilia. Zile ngozi ndogo za kufunika matundu zikichanika, anakata ngozi ya mbuzi, anaisugua na mafuta, anaibandika, anajaribu, anabandua, anaanza upya. Ndiyo maana Idi nyumbani kwangu, kabla nyama haijaingia chunguni, kuna mzee yuko uani anakagua mgongo wa mbuzi kama mnunuzi wa vitenge.

Vita ilipotufikia tulikimbilia upande wa Nyangwe, kutafuta mtumbwi wa kuvuka Lualaba. Soraya, mtoto wetu, alikuwa mgongoni kwangu. Kichwani nilikuwa na gunia la mchele, na ndani ya mchele saksafoni. Njiani askari mmoja akalichoma gunia na fimbo, ikagonga chuma.

"Iko nini humu?"

"Bomba ya mashine ya kusaga muhogo, afande."

"Na mashine iko wapi?"

"Mashine mulishaibeba. Tulibakia na bomba."

Ulimi wangu huu. Iliasi pembeni yangu aligeuka rangi. Lakini yule askari alicheka, mpaka leo sijui kwa nini alicheka, na tukapita.

Kule ng'ambo tulikaa porini, na hakuna aliyethubutu kupiga kelele. Kila jua likishuka Iliasi aliitoa saksafoni, akaishika kama ilivyo, akabonyeza vitufe bila kupuliza. Soraya alilala kwa ile sauti ya vifuniko tu, tik, tik, tik. Na huko huko porini ndiko watu wa Kabambare walikotuletea habari kwamba Mwalimu Raphaël amefariki njiani, akikimbia na wenzake, na mke wake amevuka ziwa kwenda kambini Tanzania. Iliasi alikaa chini, hakuinuka mpaka nilipomletea maji. Nilidhani ninaujua uzito wa huzuni ile. Sikuujua wote.

Amani iliporudi, naye akarudi kazini. Akaunda Mawimbi ya Lualaba na vijana ambao leo wana mvi. Wakapiga Kindu, wakapiga Bukavu, redio ikawachukua. Wakubwa wa muziki wa Kinshasa walimwita, akaenda, wakamwambia abaki, atapata nyumba. Akarudi na mfuko wake ule ule. Nikamuuliza kumetokea nini. "Kule," akasema, "ukiacha shimo, mutu mungine anarukia ndani." Basi hiyo ndiyo Kinshasa yake, hakuiongelea tena.

Watu wa Salamabila, nawaona, mmekuja wengi, asanteni. Ninyi mnaikumbuka siku ile shimo la dhahabu lilipoporomoka na wenzenu wakabaki chini. Mlimwita aje apige. Akauliza, nipige nini mbele ya msiba? Mkamwambia, piga rege, ndiyo waliyoipenda. Akapiga moja, ya polepole sana. Hakucheza mtu. Mlisimama wote na kofia zenu za kazi mikononi, na aliporudi nyumbani hakugusa chakula. Aliniambia tu, "Mama Soraya, leo niliona juu ya nini Mungu alinipa pumuzi." Kazi yake ilikuwa hiyo, ndugu wageni waalikwa, tangu ujana wake mpaka kifua kilipokataa. Ninaona fahari kuwa nilimpikia mtu huyu.

Sasa, Bwana wa protokoli, usinionyeshe saa. Nimefika penye neno langu.

Aimée, mama, simama watu wakuone.

Huyu ni Aimée, mtoto wa wakulima wa mpunga wa Kabambare. Alikuja kwetu akiwa anapiga tarumbeta kwenye kanisa la paruasi yao, akasema anataka saksafoni, na Fundi Iliasi akamchukua. Amelala nyumbani kwangu, amekula chungu changu, Jumapili anakwenda misa, Ramadhani anaamka kunisaidia kupika daku. Amejifunza kukata ngozi ya mbuzi. Amejifunza kupanga mashimo. Wengi wenu hapa mmecheza mkidhani ni Fundi anapiga, mkageuka mkaona ni Aimée.

Kwa wageni wasioijua desturi ya mafundi wa Kasongo, nieleze. Hapa kwetu anayejifunza kazi ya mkono haachi uanafunzi na kuwa fundi kwa kusema tu. Ananunua kitambaa kizuri, anamwita mwalimu wake mbele ya watu, anamfunga kilemba. Mwalimu akiinamisha kichwa, kilemba kikafungwa, umeachiwa: unaweza kufungua mlango wako, kuitwa kwa jina lako, kuchukua wanafunzi. Mwalimu asipoinama, kunja kitambaa chako, rudi kazini. Mimi mwenyewe nilimfunga kilemba fundi wangu wa cherehani, na siku ile nililala na mkasi wangu chini ya mto kwa furaha.

Aimée alileta kilemba. Fundi akamsikiliza akipiga, akasema, "Pumuzi yako iko fupi." Sawa. Akakimbia milima, akaongeza pumzi, akaleta kilemba tena. "Kidole ya pete inachelewa." Akakaa na kidole chake mpaka kikawahi. Akaja mara nyingine. "Viatu yako inapiga kelele." Mtoto akavua viatu, akapiga miguu wazi, akapiga vizuri hata mimi nikaacha cherehani nikaja mlangoni. Fundi akatazama mbinguni, akasema, "Leo jua iko kali. Chuma imepanuka." Kile kitambaa leo ni pazia la chumba changu, maana kilikuwa kitambaa kizuri, nisingekiacha kiliwe na mende.

Mnacheka, na mimi nilicheka. Lakini Aimée hakucheka. Watu wa arusi wakimtaka wanamwambia, njoo na fundi wako. Anatamani kurudi Kabambare afungue kikundi, afundishe mabinti wa kule, na wazee wanamuuliza, nani alikuachia? Na sasa fundi wake anastaafu. Atabaki mwanafunzi wa mtu asiyepiga tena, mpaka lini? Tumeiweka saksafoni mezani, tumepanga viti, tumealika serikali, na mlango wa Aimée bado umefungwa. Mnaona kinachonikaa moyoni?

Nilimgombeza Iliasi. Nilimnunia. Nilimpikia sombe bila chumvi. Akala yote, sababu hakuitoa. Mpaka mchana mmoja kifua kilimbana sana, nimekaa naye ninampepea, akaniambia maneno haya.

"Mama Soraya, mi siko fundi."

"Unaota."

"Siote. Mwalimu hakuniachiaka. Nilimupelekea kilemba, akasema bado. Nikarudia, akasema bado. Kisha vita ikakuya. Mutu hakuachiwa, ataachia mwenzake namna gani?"

Baba Soraya, ninajua unavyonikazia macho sasa hivi. Nimeomba ruhusa ya kulisema hili? Hapana. Utanigombeza nyumbani, nitakusikiliza. Lakini umeubeba mzigo huu toka tulipokuwa porini, ukiitwa fundi kila kona na kila mara ukishtuka kama mtu aliyevaa shati la mwenzake. Mimi nimelala kando yako miaka yote hiyo nikidhani ni mbu. Leo tuushushe, hapa, watu wote wakiwepo.

Nilimwambia Iliasi kwamba ninakwenda kutazama mpunga wa shangazi. Nikapanda pikipiki mpaka Kabambare. Aimée ndiye aliyeniambia kwamba Mama Albertine, mjane wa Mwalimu Raphaël, alirudi kutoka Tanzania kitambo, na yuko kijijini kwao. Nilimkuta amekaa mlangoni anamenya karanga. Nikapiga magoti, nikamsalimu, nikajieleza, nikamwambia shida yangu: Iliasi alileta kilemba na mwalimu akasema bado.

Aliacha karanga. "Raphaël alisema bado?"

"Ndiyo, mama."

"Muongo ule!" Akapiga paja lake. "Ule mutoto alimaliza zamani! Akishapanda baiskeli yake na kwenda, Raphaël anabakia mu mulango, anamuangalia mpaka anapotea. Ananiambia, Albertine, ananipita sasa. Nikamuuliza, kama anakupita, juu ya nini unakatala kilemba? Akasema, nikikubali, kesho atakuya kufanya nini huku? Nani atanipigia ile muziki yake ya mashimo?"

Kisha akajifuta macho na ncha ya kitenge. "Hatukupata mutoto, mama," akasema. "Ule njo mutoto alikuwa anakuyaka kwetu."

Ndugu zangu, nilirudi Kasongo juu ya pikipiki ninacheka na kulia, dereva akasimama kuniuliza kama nimeumia. Nilikuwa nimeelewa mambo mawili kwa pamoja. Je, kidole cha Aimée kiliwahi kuchelewa? Je, viatu vyake viliwahi kupiga kelele? Soraya wetu ameolewa Kindu. Nyumba yetu ina cherehani moja na wazee wawili. Asubuhi Aimée anapopasha saksafoni uani, Iliasi anaacha chai yake ipoe, anasikiliza, na uso wake unakuwa uso wa kijana aliyesahau chumvi mvuani. Amwachie aende? Baba Soraya, hukumkatalia kwa sababu ya kilemba chako tu. Ulimkatalia kwa sababu ile ile ya Mwalimu Raphaël. Ninakuelewa. Mimi pia ninaiogopa asubuhi ile ya kwanza bila yeye, ninaiogopa sana, na ninakuambia hivyo mbele ya serikali na dini zote mbili.

Lakini mtoto wa watu si redio ya kuweka dirishani. Tumuachie.

Nilikwenda kwa Shehe Assumani na kwa wazee wa cherehani. Nikawauliza, mwalimu akifa bila kufungwa kilemba, inakuwaje? Wakashauriana, wakasema, aliyekula naye chungu kimoja anaweza kuinamisha kichwa kwa niaba yake, na ni sawa kabisa. Nikashona pindo za vilemba viwili.

Wanawake wa soko, jitengeni kidogo hapo katikati. Mama yule aliyejifunika kitenge cha buluu, ambaye Fundi ameambiwa ni shangazi wa Aimée, ajifunue. Mama Albertine, karibu mbele. Mpisheni. Mleteeni kiti.

Ameinuka! Baba Soraya, polepole, kifua. Aimée, mshike mkono. Hapana, mwache, anakwenda mwenyewe.

Ndugu wageni waalikwa, kwa walio nyuma wasioona, niwaeleze: Fundi Iliasi amepiga magoti mbele ya Mama Albertine na wote wawili wanalia, na hakuna la kutafsiri. Kitambaa cha kwanza hiki, mpeni. Mama Albertine anasema, "Mimi mukristu, tena mwanamuke, kilemba nitaivaa namna gani?" Mama, vaa unavyofunga kichwa siku ya misa, Mungu atajua ni cha nani. Anainama. Fundi anafunga mwenyewe, asimsaidie mtu. Zungusha, Baba Soraya, zungusha tena, chomeka hapo kwenye sikio. Vizuri. Mama Albertine anamwekea mkono kichwani. Anasema... nyamazeni kidogo, jamani... anasema, "Raphaël anakuachia. Alikuachiaka zamani, mwanangu."

Sasa ni fundi. Mnaweza kupiga makofi, lakini msimalize yote, moja bado.

Aimée, mama, kitambaa chako hiki. Sogea. Fundi amekaa kwenye kiti, umefika mbele yake, kitambaa kiko mikononi mwako, na yeye hajainama. Anakutazama. Msiwahimize, mwacheni, mtu huyu anajua lini anyamaze na lini aendelee.

Anamwambia neno. Ninyi hamsikii, mimi nimesikia, na nitalisema kwa sababu ni langu pia. Amemuuliza, "Utarudiaka?"

Na Aimée amemjibu, "Baba, Jumapili ya kwanza kila mwezi. Mi na mabinti yangu wote. Utatuambia pahali gani tulipanga mashimo mubaya."

Basi, Waheshimiwa, wazazi wangu, ndugu zangu wote, nawashukuru kwa masikio yenu na kwa machozi yenu. Mimi sina neno tena, tazameni wenyewe.

Ameinama.